Unga wa Bibi Juu ya Mizani

Jumanne nilikuwa kwenye zahanati moja hapa Malindi, nikingoja dawa ya kikohozi. Nesi alikuwa akiandikisha vijana wanene kwa mazoezi ya kutembea alfajiri na mafunzo ya kula kwa kiasi. Akaingia bibi mmoja wa buibui na mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na sita hivi. Msichana akapanda mizani.

"Kilo tisini na mbili," nesi akasoma.

Bibi akamshusha mjukuu, akatoa kikapuni pakiti ya unga ya kilo mbili, akaiweka juu ya mizani na kuinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Nimekaa dukani miaka thelathini," akasema. "Mizani nazijua zinavyodanganya."

Mshale ukasimama kwenye mbili barabara.

"Bibi, mimi nataka kwenda mazoezini," msichana akasema polepole. "Nikipanda ngazi za shule, wenzangu washaketi darasani, mimi bado nahema."

Bibi akarudisha unga kikapuni, kisha akamtazama nesi, ambaye naye hakuwa mwembamba, kuanzia kofia hadi viatu.

"Mizani ni ya kweli. Na wewe, mwanangu, uliipanda lini?"

Nesi akavua viatu, akapanda, akashuka. Daftarini akaandika majina mawili, la msichana na lake.

Watu wa pwani hatukosei kushuku mizani. Tunachokosea ni kuiamini ikiwa imebeba mwingine tu. Niliyawaza hayo nikihamia benchi la nyuma, kwa kuwa jicho la bibi lilikuwa limeshatua kwenye kitambi changu.