Walitaka nisome tangazo lao kama habari, mama yangu akiwa Shasha anasikiliza

Wakuu, salamu kutoka Masisi. Hii ilinipata mimi mwenyewe, sikuipokea kwa muntu. Jina la radio na la wale watu naacha. Mutanielewa, bado napenda kuishi.

Mimi ni musemaji wa radio. Radio yenyewe ni chumba kimoja, antene na panneau ya jua ya kutupa umeme. Tunaishi kwa matangazo: sabuni, mashine ya kusaga, matanga, mbuzi aliyepotea. Tunasikika kwenye milima ya Karuba mpaka Shasha kando ya ziwa, kwenye mama yangu alikimbilia kutoka Karuba sababu ya vita.

Sasa, wakubwa wenye kusimamia radio walituletea sheria: kila piblisite, ni kusema tangazo la kulipiwa, ipigiwe kengele mbele na nyuma, watu wajue si habari za radio.

Niliwatukana, wakuu! Niliona ni kusumbua masikini bure. Lakini nilitii, wasikilizaji wakazoea. Mama, mwenye kuniita Papa kwa mapendo, alikuwa ananichekesha: "Papa, yenye iko katikati ya kengele ni ya mwenye kulipa. Yenye iko inje ndiyo yako."

Mchana mumoja wakaingia wanaume wenye bunduki. Mukubwa wao aliongea polepole, tena kwa heshima. "Kaka, tusomee hii kwenye habari."

Karatasi ilisema watu wa Karuba walioko Shasha warudi, kijiji kimetulia, waje wavune maharagi.

Asubuhi ile ile nilikuwa nimesikia masasi ya bunduki yakilia upande wa Karuba! Na mama ana shamba la maharagi kule, kila siku analililia. Akisikia sauti yangu inasema rudini, atajifunga kitenge na kuanza kutembea. Kumupigia simu? Rezo ilikuwa imekatika tangu jana yake.

Kukataa? Bunduki ilikuwa juu ya meza, karibu na mikro ninayosemea.

Nikasema: "Mukubwa, nitasoma. Lakini hii ni tangazo, na sheria inataka kengele. Nisipopiga watafunga radio, kesho hamutapata pa kutangazia."

Akaniangalia. Jamani, ile kuangaliwa!

"Kengele gani?"

Nikamusikilizisha. Akacheka. "Si ile ya sabuni? Haya, piga."

Nikapiga. Nikasoma neno kwa neno. Nikapiga tena. Wakanishukuru, wakaenda zao. Mimi nikakaa chini kwenye simenti.

Rezo ilirudi kesho yake. Mama akapokea simu! Nililia kama mutoto mudogo, sioni haya kusema.

"Nilisikia kengele, Papa. Nikasema hapa mutoto wangu hayuko. Nikaendelea kutwanga sombe yangu ya majani ya muhogo."

Kisha akanipa habari ingine.

Jirani yake, Mama Riziki, naye wa Karuba, aliwasha radio tangazo likiwa limeanza. Kengele ya mbele hakuisikia. Ya nyuma ilipigwa akiwa amezima, anafunga mizigo. Mama alimukimbilia mpaka barabarani, akamushika mukono.

Mama Riziki akamujibu: "Unanikataza nini, na ni mutoto wako mwenyewe amesema?"

Hajarudi mpaka leo. Watoto wake wanakula kwa mama yangu.

Nilichojifunza ni hiki: kengele ya mbele na nyuma haitoshi. Sheria itulazimishe kusema katikati pia, tena na tena, nani ameleta tangazo. Ile sheria niliyoitukana, leo nalalamika kwamba ni ndogo.

Ninyi wenye radio ndogo huko kwenu, ao wenye kuzisikiliza, munafanya aje wakiingia na bunduki? Semeni wazi, hata kama ni kunigombeza. Bado ninaingia studio. Nikifungua mikro moyo unapiga, kwa sababu sijui nani ndiye anawasha radio yake saa hii, na ni wapi katikati ya maneno yangu ananikuta.