Jiwe Nililolitoa kwenye Pete

Usonara sikuuchagua. Sonara alikuwa papa, baba yangu, kwenye chumba cha mbao mtaani Kadutu, chini kidogo ya soko. Mimi nilikuwa nimesoma comptabilité, yaani uhasibu, nikingoja kazi ya ofisi ambayo haikuja. Asubuhi moja mshipa ulimpasukia papa kichwani. Alirudi kutoka hospitali na nusu ya mwili: mkono wa kuume ulining'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, na maneno yalimtoka kwa shida, moja moja. Kwa kuwa tulipaswa kula, nilikaa kwenye kiti chake. Yeye nilimwekea kiti kingine karibu na mlango, akawa ananifundisha kwa mdomo.

Kazi aliyoipenda kuliko zote, na iliyonitesa kuliko zote, ni kuweka jiwe ndani ya feza, hii fedha nyeupe ya mapambo. Unakata utepe mwembamba wa feza, unauzungusha kwenye jiwe, unaulehemu ncha kwa ncha, kisha unaulehemu juu ya kibati, hadi upate kitu kama kisahani kidogo chenye ukingo. Jiwe linakaa mle ndani. Halafu unausukuma ule ukingo, pole pole, ulale juu ya jiwe pande zote. Hakuna gundi, hakuna kitu kingine. Jiwe linashikwa na ukingo peke yake. Chombo cha kusukumia papa alikuwa amekitengeneza mwenyewe, kipande cha chuma chenye ncha iliyosawazishwa na mpini wa mti ulioingia weusi wa jasho lake. Ukisukuma kwa kuzunguka tu, feza inakukusanyikia mwishoni, inafanya mkunjo, na jiwe linacheza; lazima uende upande mmoja, kisha ule wa mkabala.

"Sukuma huku," alikuwa akisema, akionyesha kwa kidevu. "Sasa ngambo. Apana hapo, maman. Ngambo yake."

Maman ndivyo alivyoniita mimi, binti yake. Niliharibu vipande vingi. Alikuwa akifumba macho ili asione.

Mwanaume mmoja alikuja wakati wa kiangazi, mwaka ambao mkono wangu ulikuwa umeanza kutulia. Alikuwa mrefu, akainama kupita mlangoni, na viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu uliokauka. Alifanya kazi ya kuleta maji vijijini, upande wa Bunyakiri. Wiki alikuwa kule, wiki alikuwa hapa. Kutoka mfukoni alitoa karatasi ya vidonge iliyokunjwa, na ndani mlikuwa na turmalini moja, jiwe la kijani lenye rangi nzito na umbo lisilo la duara wala la yai. Mchimbaji mmoja wa kule alikuwa amemuuzia.

Alitaka pete ya uchumba. Nilimwuliza kipimo cha kidole. Akanionyesha kidole chake cha mwisho. "Chake iko sawa na hiki changu kidogo," akasema. "Ninakijua, ninakishikaka kila siku ya Mungu."

Nililiweka jiwe kwenye mwanga wa dirisha. Ndani yake kulikuwa na mstari mwembamba, kama unywele.

"Kaka, hii jiwe iko na ufa. Nikisukuma vibaya itapasuka."

Akacheka. "Hata mimi niko na ufa yangu. Sukuma polepole."

Siku ya kuliweka alikuja kukaa nami. Watu wengi hawana subira hiyo; wanalipa, wanakwenda. Yeye alikaa kwenye kigoda akatazama tangu mwanzo hadi mwisho, akipumua kidogo kidogo kana kwamba pumzi yake ingeweza kulivunja. Kwa kuwa jiwe halikuwa na umbo, ilibidi ukingo ulifuate kila kona yake. Sehemu yenye ufa niliiacha hadi mwisho, nikaigusa tu. Lilipokaa, nilimwambia alitikise karibu na sikio. Halikulia. Papa alinyoosha mkono wa kushoto akaomba pete, akapitisha kidole gumba juu ya ukingo, akairudisha bila kuonyesha kosa lolote kwa kidevu. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Yule mwanaume alimvalisha mchumba wake mbele ya familia zote mbili. Jumatatu iliyofuata msichana mwenyewe alikuja kunionyesha mkono. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye aibu, na kila alipozungumza mkono wenye pete ulikuwa mbele ya mwingine.

Kisha mvua zikaja. Nilisikia kwa watu wa moto, hizi pikipiki za abiria, maana wao ndio wanaojua barabara kabla ya redio. Mlima ulikuwa umeshuka juu ya barabara ya Bunyakiri. Mwenye moto aliyekuwa amempakia yule mwanaume wa pete alipatikana chini kwenye mihogo, akiwa amekufa. Yule mwanaume mwenyewe hakupatikana. Chini ya mihogo kulikuwa na mto uliojaa, na juu yake udongo wa kufunika kijiji. Wanakijiji walichimba kwa majembe mpaka harufu ilipoisha, au mpaka walipoizoea. Walinieleza namna zote mbili.

Mama yake alikuwa mjane, mkazi wa mtaa wa Cimpunda. Sikuwa nimewahi kumwona. Aliingia kwetu amevaa kitenge cha chama cha akina mama wa parokia, amefunga kichwa kitambaa cheusi, na miguu ilikuwa na matope hadi kwenye vifundo.

"Karibu, maman. Ukae."

"Sikae. Ni wewe ulifanyaka pete ya mutoto wangu?"

"Ni mimi, maman. Pole sana."

"Ile jiwe iko wapi?"

Nilimwambia iko kwenye kidole cha mchumba wake. Alitikisa kichwa kama aliyekuwa akijua. Kisha, ingawa alikuwa amekataa, alikaa. Wazee wa ukoo, akasema, wamechoka kungoja mwili. Wamepanga kufanya kama inavyofanyika kwetu mtu anapopotea kabisa: unakatwa mgomba, unafungwa sanda, unazikwa, watu wanarudi makwao.

"Mi sizike mugomba," akasema. Hakupandisha sauti. "Mutoto wangu alikuwaka mutu. Alikuwa na meno, alikuwa na kovu hapa. Ile jiwe ilitoka mu udongo ya kule, udongo yenye iko na yeye. Ile ndiyo nitazika."

Pete haikuwa yangu. Nilianza kumweleza hivyo, lakini papa alisema kutoka mlangoni, neno moja baada ya jingine: "Mwite. Ule. Binti."

Nilimpigia simu. Alikuja baada ya masomo, vidole vikiwa bado na chaki, na alipomwona yule mama alisimama palepale kizingitini. Nilielewa kwamba hawakuwa wamezungumza tangu msiba.

Mama alimwambia anachotaka. Binti aliufunika mkono kwa mkono.

"Pete ni yangu, maman. Alinivalisha mbele yenu wote."

"Wewe uko kijana. Utapata bwana mwingine. Mi nitatoa wapi mutoto mwingine?"

Nilidhani binti atalia, lakini hasira ndiyo iliyotoka. "Kule kilioni muliniweka wapi? Muliniweka nyuma na majirani. Watu waliuliza mi ni nani, hakuna mwenye alijibu. Mulisema hatujafunga ndoa, siko mujane. Sawa. Kama siko mujane, basi mi ni nani? Ni hii pete tu inasema."

Nje mtu alikuwa akipita na mkokoteni, na tulingoja upite kana kwamba ulikuwa na haki ya kwanza. Yule mama alikuwa akitazama matope ya miguu yake.

"Ni kweli," akasema mwishowe. "Tulikuweka nyuma."

Hakuomba msamaha zaidi ya hapo. Lakini binti alikuwa ameingia ndani sasa, akakaa kwenye kigoda, na kwa muda mrefu alikuwa akiigeuza pete kwenye kidole. Kisha aliivua akaiweka mezani, mbele yangu, si mbele ya mama.

"Toa jiwe," akaniambia. "Umupe jiwe. Feza inabakia kwangu."

Kutoa jiwe ni kazi mbaya kuliko kuliweka. Ukingo uliolazwa vizuri hautaki kuinuka. Unapaswa kupenyeza ncha ya wembe kati ya feza na jiwe, pahali ambapo wewe mwenyewe ulihakikisha hapana nafasi. Niliwaambia wote wawili kwamba jiwe lina ufa na linaweza kupasuka. Mama akasema, "Hata vipande." Binti alinisogezea pete.

Nilianza upande ulio mbali na ufa. Feza ilipiga kelele ndogo. Niliinua kidogo, nikaenda ngambo, nikainua kidogo. Jasho liliniingia machoni. Nilikuwa nimemwona yule mwanaume amekaa palepale alipokaa sasa mchumba wake, anazuia pumzi, na nilitamani kuiacha kazi, nitoke, nipande hadi sokoni nikachanganyike na watu. Nilipofika kwenye ufa mkono ulikataa.

"Usiilazimishe," papa akasema. Hakuwa anaona kitu kutoka pale, alikuwa anasikia tu. "Fungua. Zote. Kwanza."

Nilifungua pande zote nyingine, nikaigeuza pete chini, nikagonga kwa mpini wa mti. Jiwe likadondoka juu ya kitambaa. Kipande kidogo kilikuwa kimebanduka kwenye kona ya ufa, kama punje ya chumvi ya kijani. Yule mama alilamba kidole, akakiokota kile kipande kwa mate, akakiweka pamoja na jiwe ndani ya leso, akafunga mafundo. Kisha alimgeukia binti.

"Utakuya kuzika?"

"Nitakaa wapi?"

"Kando yangu."

Nilikwenda na mimi. Walizika kwenye shamba la ukoo, nje ya mji, si mbali na migomba ile ile aliyoikataa. Yule mama alikuwa ameagiza jeneza la mtu mzima. Seremala alipouliza urefu, alimwambia aongeze kidogo, maana mwanawe alikuwa akigonga kichwa kila mlangoni. Ndani waliweka suruali yake, shati la kanisani, viatu, na leso yenye jiwe.

Wanaume waliolibeba walikuwa wamejipanga kama wanaokwenda kuinua mzigo wa kweli. Waliposema "twende" wakavuta, jeneza liliruka juu kwa wepesi, wawili wakapepesuka nyuma, na viatu vikasikika vikiteleza ndani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hapo ndipo watu walipolia. Kabla ya hapo walikuwa wakiimba. Katekista alisubiri, akaanza sala upya. Yule mama hakulia. Alimshika binti mkono, na alikuwa akiubana kwa nguvu, maana niliona vidole vya binti vimekuwa vyeupe kwenye maungio.

Kwa muda mrefu binti aliivaa pete ile ikiwa tupu. Ukingo ulioinuliwa ulikuwa mkali. Ulishika nyuzi za sweta na ulimkwaruza mtoto mmoja shuleni alipokuwa akimfuta machozi. Alikuja nimsaidie. Nilikuwa na jiwe jeupe la quartz, la kiasi kile, nikamwambia naweza kuliweka bila shida. Alikataa. Basi nilisaga ukingo mpaka ukawa laini, na katikati pakabaki kibati kile, kinang'aa, hakina kitu.

Tangu vita vilipofika na mji ukabadilisha watawala, pete hazitengenezwi sana. Benki zilipofungwa watu walianza kuniletea zao niziyeyushe: pete za ndoa, misalaba, hereni za komunyo ya kwanza. Mawe nayatoa nayaweka pembeni, hakuna anayeyataka. Papa alifariki katika miezi hiyo, akiwa kitini, mchana, wakati nje risasi zilikuwa zikilia na hatukuweza kumpeleka popote. Binti hajaleta pete yake. Hata mshahara wa walimu ulipokatika hakuileta.

Na yule mama? Nilidhani kuzika kungempumzisha. Yeye pia alidhani hivyo, aliniambia. Kwa miezi michache ilikuwa kweli: alirudi kwenye misa, alirudi kuuza maharage. Kisha alianza kushuka mahali moto za Bunyakiri zinapofikia. Mwanzoni alikuwa akiuliza habari za barabara, kama mtu yeyote. Siku hizi haulizi. Anasimama ukingoni mwa barabara, kitenge kimefungwa kifuani, na kila moto inayofika na abiria mrefu nyuma anaisogelea, anamtazama yule mtu usoni kwa makini, kwa heshima, kisha anarudi nyuma kungoja inayofuata. Vijana wa moto wamemzoea. Wanamwita maman, wanamwachia nafasi kivulini, hawamwambii kitu.

Juzi nilikuwa napita pale na mkaa. Masomo yalikuwa yamekwisha. Binti alikuja akiwa na mfuko wake wa madaftari begani, akasimama kando yake bila kumharakisha, akasubiri moto mbili zifike na zishushe watu. Ndipo akamwambia, "Twende, maman, mvua iko nakuya."

"Ngoja ile yenye inateremuka pale."

Wakaingoja. Abiria wake alikuwa mwanamke na mfuko wa mihogo. Yule mama alimtazama hata yeye. Kisha akampa binti mkono, wakaanza kupanda kuelekea Cimpunda, taratibu, wakisimama kila mahali njia ilipozidi kuwa na mwinuko.