Kiti cha Shemeji na Maziwa ya Majirani

Kosa langu ni kiburi, na nasikitika kwamba aliyeumia si mimi.

Nilitoka Bura kuelekea Garissa kwa gari nililoazimwa na shemeji yangu, mtu mfupi. Kiti cha dereva kilikuwa mbele mno, magoti yangu yakigusa usukani. Nilikisukuma mara moja, kikagoma, nikakitangaza kibovu. Mama mmoja, mchuuzi wa maziwa ya ngamia, aliomba lifti, akapakia mitungi minne nyuma.

"Mwalimu, tuifunge kamba kwanza," alisihi. "Haya ni maziwa ya majirani zangu. Wameniamini."

"Abaayo, dada yangu, mimi hufundisha watoto usalama barabarani. Keti tu."

Tulipokaribia mji, mbuzi alikatiza mbele yetu. Goti langu lilikwama chini ya usukani. Nilipolichomoa, nilikanyaga breki kwa nguvu zote za hofu. Mbuzi alipona. Mitungi ilipinduka, vifuniko vikafyatuka, na maziwa yakatiririka hadi kwenye viatu vyangu. Ulisalia mtungi mmoja.

Nilimwambia kosa ni la kiti kibovu. Mama yule hakulia. Aliutazama mtungi huo, kisha akaniamuru nishuke. Aliinama, akavuta chuma kidogo chini ya kiti changu, nacho kikarudi nyuma bila ubishi.

"Wallahi, mwalimu, hicho ndicho kibovu?"

Nilichoweza ni kumwuliza jina, ambalo njia nzima sikuona haja ya kulijua. Anaitwa Dekha.