Sikio la Salesio na Gari la Kulala

Hapa Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo, mtu akitaka kununua gari kuukuu hamwendei fundi kwanza. Ananijia mimi, Salesio Rimberia, dereva mstaafu wa idara ya mifugo, mwenye sikio. Sifa hiyo sikujipa mwenyewe, ingawa nimeitunza vizuri kuliko nilivyotunza shamba langu. Niliendesha magari ya serikali kati ya Isiolo na Garbatulla kwa zaidi ya miaka thelathini, nikibeba madaktari wa ng'ombe na masanduku yao ya chanjo. Kwenye njia zile, dereva asiyesikia injini yake ikianza kulalamika hulala porini. Mimi nimelala porini mara nyingi sana, lakini hilo huwa silitaji ninapojieleza.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Nafika na bisibisi ndefu, naweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, kisha nafumba macho. Watu wananyamaza. Nakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, maana nimegundua kwamba ukifumbua macho mapema watu hawakuamini. Halafu nafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, kwa sababu injini iliyochoka hukupulizia moshi usoni. Naenda nyuma kutazama bomba. Moshi wa buluu, inakula oili. Mweusi, inakula dizeli. Mweupe usiokwisha, itakula akiba yako na usingizi wako.

Lakini kabla ya hayo yote kuna sheria yangu ya kwanza, ambayo kila mtu hapa anaijua kwa kuwa nimewachosha nayo: injini isikilizwe ikiwa baridi. Ukifika ukute muuzaji ameshaiwasha, kunywa maji urudi nyumbani. Injini yoyote ikishapata joto huimba. Tabia yake utaijua asubuhi, kama ya mtu. Jirani yangu Kinoti, mfanyabiashara wa miraa, aliwahi kunipeleka kuona pikapu aliyoipenda mno. Niligusa boneti, nikakuta joto, nikageuka nikarudi nyumbani. Kinoti akaiacha. Ilinunuliwa na mtu mwingine, na mpaka leo inapita mbele ya kibanda cha Kinoti ikiwa nzima kama kigongo. Kila inapopita hunipigia simu kuniarifu.

Sasa nieleze jinsi mwenye sheria alivyonunua gari.

Mke wangu Karwitha alikuwa mwalimu, na shule yake ya kwanza ilikuwa Korbesa, kule Merti. Alifika huko akiwa msichana wa Meru asiyejua neno moja la Kiborana. Mama mmoja anayeitwa Mama Tume alimpa chumba nyumbani kwake, akamfundisha lugha, akamfundisha kukamua mbuzi, na malaria ilipomwangusha akamuuguza kama mtoto wake. Mwaka huu binti wa mama huyo, yaani Tume mwenyewe, alitupigia simu. Alisema mama haoni tena, nguvu zinamwisha, na kila siku anauliza mwalimu atakuja lini. Karwitha aliweka simu mezani, akalia.

Shida ilikuwa mgongo wake. Umeharibika kiasi kwamba kukaa kitini hata safari ya sokoni humwacha akiuma meno. Daktari alimwambia barabara ndefu asafiri akiwa amelala au asisafiri kabisa. Na basi la Merti halina kitanda.

Ndipo nikasikia kwamba Abdinajib, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, anauza gari la kulala. Lilikuwa la Wazungu wawili, wazee kama sisi, waliokuwa wakivuka Afrika kutoka kusini. Mmoja aliugua wakiwa Isiolo, wakaliuza na kupanda ndege. Lori dogo jeupe lenye nyumba mgongoni: ndani kitanda, jiko la gesi, sinki, na mapazia yenye maua. Nilipolipita barabarani moyo ulinidunda, na hiyo tu ingetosha kunionya.

"Tutaenda alfajiri bila kumwambia," nilimwambia Karwitha. "Nataka nipate hiyo injini ikiwa baridi."

"Tuingie kwa boma ya mtu alfajiri bila hata simu?" akauliza. "Kwani sisi ni polisi?"

"Mama Kendi, haya ni maneno ya injini."

"Na hiyo boma iko na mama. Afungue mlango apate wageni wamesimama hapo, hajaweka hata chai kwa moto? Hapana, Baba Kendi. Mimi sikulelewa hivyo."

Akampigia simu mke wa Abdinajib, wakasalimiana kwa kirefu, wakapatana tuje saa nne.

Tulifika tukapokewa kwa salaam aleikum na tabasamu. Lango lilikuwa wazi. Gari lilikuwa limeoshwa, limegeuzwa likatazama barabara, na lilikuwa linaunguruma.

"Nimeiwasha mapema, mzee," Abdinajib alisema, akifurahi kama mwenyeji aliyekwisha kufagia uwanja. "Sikutaka mgeni angoje."

Niligusa boneti. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Hapo ndipo miguu yangu ingegeuka, lakini sinia likatoka ndani: chai ya maziwa ya ngamia yenye tangawizi, mikate laini ya anjera, na maini. Nikaketi. Niambie, ni nyumba gani umeona mtu akinywa chai ya mwenzake, akapangusa mdomo, kisha akamwambia, "Zima gari lako, nitarudi kesho nihakikishe hunidanganyi"? Nilikunywa kikombe cha kwanza nikilaumu adabu za mke wangu. Cha pili nilikunywa kwa sababu ya adabu zangu mwenyewe.

"Mzee Salesio," Abdinajib akaanza tulipoinuka, "kabla hujasikiliza, kuna kitu kidogo nataka nikuambie. Hii gari asubuhi..."

Nikainua mkono. "Wacha. Sikio itaniambia."

"Ni kitu kidogo tu, mzee. Ni vile asubuhi..."

"Abdinajib, mimi sinunui gari kwa mdomo ya mwenyewe."

Watu waliokuwa wamekusanyika langoni wakacheka. Abdinajib naye akacheka kidogo, na kwa kuwa amelelewa kutobishana na wazee, akanyamaza. Nilijisikia mkubwa sana.

Nikaweka bisibisi, nikafumba macho. Injini iliimba. Haikugonga, haikukohoa, na nilipofungua kifuniko cha oili haikunipulizia chochote. Nilikuwa karibu kukumbuka sheria yangu nilipoinua macho nikaona dirisha la nyuma. Karwitha alikuwa amepanda kitandani kujaribu. Alikuwa amelala chali, mikono kifuani, na ile mikunjo ya maumivu niliyoizoea usoni mwake haikuwepo.

"Baba Kendi," akasema kutoka ndani, "hapa haiumi."

Tangu hapo sikusikia injini tena. Ungeniambia kile ni kinu cha kusaga unga ningekubali. Nilichomoa bisibisi, nikaipangusa taratibu, nikatangazia umati, "Hii ni injini ya kuzika mwenyewe."

Tukafunga biashara, nikaliendesha mpaka Burat nikipiga honi bila sababu.

Asubuhi ya safari nilimlaza Karwitha kitandani na mito yake, na zawadi za Mama Tume pembeni: majani ya chai, sukari, shuka mpya. Nikaketi kwenye usukani, nikageuza ufunguo. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe wa kuni mbichi, ikanyamaza. Nikageuza tena. Ikazunguka polepole zaidi, ikanyamaza. Mara ya tatu haikujisumbua.

Pazia lenye maua likasogea nyuma yangu. "Tumefika?" Karwitha akauliza.

Kinoti alitokea akiwa na mswaki mdomoni. Aliweka kiganja kwenye boneti, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Mzee," akasema hatimaye, "hii iko baridi kabisa. Sasa unaweza kuisikiliza."

Kinyozi hajinyoi, husema watu. Mimi nilikuwa nimejinyoa, tena mbele ya umati, na kujikata kila mahali. Nikampigia simu Abdinajib.

"Si hiyo ndiyo nilitaka kukuambia, mzee?" akasema. "Zile plagi za kupasha dizeli zimekufa. Asubuhi inataka kusukumwa. Lakini ikishawaka haina maneno. Wale Wazungu walikuwa wanaiegesha kwa mteremko."

"Na mbona hukusema?"

Mtu mwenye adabu hupata taabu kumkumbusha mzee upumbavu wake. "Ulisema hununui kwa mdomo ya mwenyewe," akasema kwa upole. "Lakini irudishe tu, mzee. Chai tulikunywa pamoja, hatuwezi kukosana."

Nilikwenda kusimama kwenye mlango wa nyuma nikamweleza Karwitha yote. Nilikuwa na aibu. Si aibu ya mbele ya Kinoti, hiyo nimeizoea. Niliona jinsi alivyokuwa ameishika ile shuka mpya. Kulirudisha gari kulimaanisha hakuna kitanda, na bila kitanda hakuna Korbesa, na Mama Tume hakuwa mtu wa kungojeshwa.

"Ikishawaka, inazimika?" akauliza.

"Haizimiki."

"Basi iwashe, na usizime."

Tukasukumwa. Alikuwepo Kinoti na wapakiaji wake wa miraa, wanaume wawili wa bodaboda, na kina mama wa Kiturkana waliotua mizigo yao ya kuni wakaja kusaidia huku wakicheka. Mimi nilishika usukani, kazi pekee waliyokuwa bado wananiamini nayo. Gari likakohoa, likashtuka, likawaka. Sikuthubutu hata kupunga mkono.

Na kweli sikuzima. Nilikula injini ikiunguruma. Nilijisaidia kichakani injini ikiunguruma, nikiitegea sikio kama mama anayetegea mtoto mgonjwa. Huko Merti, muuzaji mafuta alikataa kulijaza gari lisilozimwa, nikanunua dizeli kwa mtungi na kulijaza mwenyewe kando ya barabara, watu wakitutazama kama tuliotoroka na mali ya mtu. Lakini kutoka nyuma, kupitia pazia, nilimsikia Karwitha akiimba wimbo wa kuhesabu wa watoto wa darasa la kwanza, kwa Kiborana. Kwa miaka mingi sikuwa nimemsikia akiimba akiwa njiani.

Korbesa tulimkuta Mama Tume ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba, binti yake kando yake. Karwitha akashuka akishikilia mlango, akaenda polepole, akapiga magoti. Mama Tume alichukua mkono wake, akaupapasa kidole kwa kidole. "Mwalimu," akasema. Wakashikana, wote wawili wakilia.

Mimi nilibaki kwenye usukani, mguu kwenye mafuta.

Kisha Mama Tume akainua kichwa kuelekea niliko. Akasema jambo kwa Kiborana. Tume akaja dirishani kunifasiria, akiona haya.

"Mama anauliza, kama mwalimu amekuja kumwona, mbona gari inanguruma? Anasema mgeni wa kukaa anazima gari. Kama ni salamu ya kupita tu, mwalimu angemtumia kwa simu."

Nikatazama Korbesa. Nchi ni tambarare kila upande, mchanga mtupu, hata kichuguu cha kuegesha sikukiona. Nilijua, na safari hii bila bisibisi, kwamba nikizima injini ikapoa, sitawasha tena. Karwitha aligeuka akanitazama. Hakuniomba. Aliogopa nitakataa, na kuiona ile hofu kuliniuma kuliko kusukumwa mbele ya Burat nzima.

Nikazima.

Kimya kilipoingia nilianza kusikia mbuzi, kisha kengele ya ngamia mbali, kisha wale wanawake wawili wakianza kuzungumza kwa pamoja, hakuna anayemngoja mwenzake amalize. Nilifurahi, na niliogopa kesho.

Kesho yake gari halikuwaka. Wala keshokutwa yake. Wanaume wa Korbesa walilisukuma kwa moyo wote, lakini mchanga ukashinda. Ilibidi tungoje plagi kutoka mjini, ambazo Abdinajib alizitafuta mwenyewe na kuzituma kwa basi, na basi huja siku linapopenda. Muda huo wote Karwitha na Mama Tume walilala kwenye kitanda cha gari, bega kwa bega, wakiongea mpaka usingizi uwachukue. Mimi nilitandikiwa mkeka chini ya gari, mahali nilipozoea kulala tangu ujana wangu kazini.

Siku ya kuondoka, Mama Tume aliomba apelekwe kwenye gari. Alilipapasa boneti, akasema maneno ambayo Karwitha alikataa kunifasiria mpaka tulipokuwa tumeipita Merti. Alisema magari mengi yamefika Korbesa na yote yana haraka. Hili ndilo la kwanza lenye adabu, kwa kuwa lilileta mgeni kisha likakataa kumwondoa. Halafu akauliza ni nani aliyejua kuchagua gari zuri namna hiyo.

"Nikamwambia ni bwanangu," Karwitha alisema kutoka kitandani. "Nikamwambia uko na sikio."