Damu Isiyotaka Barafu

Mdogo wangu alipotokwa na mkanda wa jeshi akiwa na miaka kumi na saba, swali la kwanza hospitalini lilikuwa kama ameshapimwa virusi vya Ukimwi. Alipimwa, hana. Wakarudia, hana. Mara ya tatu muuguzi aliniangalia mimi badala ya mgonjwa, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, kuna familia huwa zinaficha."

Nilikuwa naishi naye Nzuguni, nafundisha shule ya msingi. Malengelenge yalianzia mgongoni, lakini hayakukaa upande mmoja kama ilivyo kawaida ya ugonjwa ule. Yalizunguka kifua, yakapanda shingoni, na siku aliyolazwa yalikuwa yamefika shavuni, karibu kabisa na jicho.

Mama alikuja kutoka Kolo siku hiyohiyo. Ni muuguzi mstaafu wa zahanati. Daktari, mwanamke kijana, alimwamkia shikamoo kisha akamuuliza kama mtoto aliwahi kuugua tetekuwanga.

"Aliugua akiwa na miaka minne," mama alisema. "Ilimwingia mapafuni. Nilishaulizia sanda."

Daktari akaishika mikono ya mdogo wangu na kuigeuza. Vidole vilijaa chunjua, vimekuwa hivyo tangu darasa la pili. Sisi tulishazizoea. Yeye alizitazama kwa muda mrefu.

"Kuna seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuua," alitueleza. "Kila seli ya mwili ina alama inayoonyesha kuwa ni ya mwili huu. Virusi vikiingia ndani ya seli, mara nyingine huificha alama hiyo, na walinzi wengine hupita bila kujua. Hizi zinazoua hufanya kinyume. Zikikuta seli imekosa alama, zinaitoboa na kuiua, bila kusubiri kuufahamu ugonjwa kwanza. Tetekuwanga, chunjua na mkanda huu vyote huletwa na virusi; nahofia binti huyu hana seli hizo za kutosha."

Kipimo kilikuwa Dar es Salaam. Seli hizo zilitakiwa zifike zikiwa hai, siku hiyohiyo. Kesho yake asubuhi damu ilitolewa, nami, niliyekuwa niipeleke, nikaenda kugongesha muhuri kwenye barua ya maabara. Niliporudi, nilimkuta mama amekumbatia kisanduku chenye vichupa vya damu, kifuniko kinatoka jasho.

"Mama, humo umeweka nini?"

"Barafu. Nimebeba chanjo miaka thelathini, haijawahi kuniharibikia hata moja."

Daktari alikifungua, akakifunga. Hakumlaumu. "Chanjo zinataka baridi, mama. Seli hizi baridi inazidhoofisha. Tutoe nyingine."

Treni ya umeme ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa imebakiza muda mfupi kuondoka. Mishipa ya mdogo wangu ilikuwa imezama kwa homa, na muuguzi yuleyule alichoma mara tatu bila kupata kitu. Mama alisimama ukutani, mikono nyuma, hawezi kutazama.

"Jaribu mguuni," mdogo wangu alisema. Damu ikatoka, taratibu mno.

Ndani ya treni kiyoyozi kilikuwa kikali. Nilizungushia vichupa kanga mbili, nikavikumbatia tumboni, sikuinuka hata kwenda msalani. Mhudumu wa maabara alivipokea, akatazama saa, akaingia navyo ndani.

Siku tulizosubiri, dawa ya virusi iliingia kwa dripu. Kila asubuhi mama alipima kwa kidole umbali kati ya lengelenge la mwisho na kope. Siku ya tatu lengelenge moja lilitokea juu ya kope lenyewe. Siku ya nne halikutokea jingine.

Majibu yalikuja: seli zile karibu hazikuwepo kabisa. Daktari alisema huenda ni hitilafu aliyozaliwa nayo, atameza vidonge vya kinga kila siku, na homa yoyote asilale nayo nyumbani. Mama alisikiliza yote, kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Nilipokuwa namlea, nilikosea wapi?"

"Hukukosea popote, mama."

Sijui kama aliamini. Mdogo wangu sasa anasoma chuo Chimwaga. Jicho ni zima, shavu limebaki na mabaka. Akinipigia simu saa za masomo, kabla sijapokea huwa nahesabu ni dakika ngapi kutoka kwangu hadi bweni lake.