Maji Yaliyopotelea Mwambani

Kahawa ilipoacha kulipa, miaka ile ya soko huria, nilianza kuwashusha wageni kwenye maporomoko, mpakani mwa hifadhi ya taifa, juu ya kwetu Kilema. Kushuka unaumia magoti, kupanda unaishiwa pumzi. Mgeni anashangaa urefu wa maji, mimi nawaza ndizi nilizoacha sijamenya.

Mfongo wetu, mfereji wa kumwagilia migomba uliochimbwa na babu, ulianzia mtoni, juu kidogo ya maporomoko. Ulipita kwanza kwa baba mkubwa, kisha kwetu. Mwaka mmoja maji yakawa yanatufikia kwa matone. Baba akasema kaka yake anayaiba. Wakaacha kusalimiana, hata kanisani kila mmoja akakaa upande wake.

Siku moja nikamshusha Mzungu mmoja mzee aliyesomea miamba. Akanionyesha ukuta: juu lava nyeusi, ngumu, chini yake majivu ya volkano ya zamani, laini, unayakwangua kwa ukucha. Maji yanakula majivu, lava inabaki inaning'inia, mwisho inakatika. Ndivyo maporomoko yanavyorudi nyuma kuelekea mlimani. Kisha akanyoosha kidole pembeni, mbali na mto, ambako maji yalichuruzika kutoka chini ya lava.

"Huko juu kuna ufa," akasema. "Kuna mfereji?"

Nikaelewa papo hapo. Hakuna aliyeiba. Maji yetu yalikuwa yanaishia mwambani, hata kabla ya kufika kwa baba mkubwa.

Sikumwambia baba. Naona aibu kuliandika. Nilifika nyumbani nimechoka, nikasema kesho. Kesho yake wakaja wageni wengine. Baba naye alikuwa mkali, na kumtajia kaka yake kulitaka nguvu ambazo sikuwa nazo. Masika yalipokwisha tukamzika baba.

Siku chache baadaye nikakata jani la isale, lile ambalo kwetu ukiletewa huwezi kukataa kusamehe, nikapanda kwa baba mkubwa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Akalipokea kwa mikono miwili. Nikamweleza habari ya ufa, yote.

"Baba yako alijua?"

"Hapana. Nilijua mimi."

"Kwa hiyo amekufa akiniita mwizi."

Nilitaka kusema hapana, lakini nilikuwa nimechoka hata kudanganya. "Ndiyo," nikasema.

Akasema amenisamehe, maana isale halikataliwi. Akanikaribisha kiti, akaniletea mbege kwa mkono wake. Nikanywa mpaka nikamaliza, na muda wote ule hakunitazama.