Madamu Zaina Hakuonja

Acha kunikunjia midomo, Espérance. Unadhani ninatunga? Mimi nilimaliza shule ya msingi, kusoma na kuandika najua, na hili nitakalokuambia sikusimuliwa na mtu. Siku ya tatu leo mjukuu wangu anakaa nyumbani kwa sababu mwalimu wake alimpa andazi, nawe unaogopa sumu. Kaa chini, mke wa mwanangu.

Nilipokuwa mtoto, bendera ya nchi ikiwa bado mpya, shule yetu ng'ambo ya mto Ntahangwa ilikuwa na mwalimu aliyeitwa Madamu Zaina. Alikuja kwa miguu kutoka Buyenzi, mtaa wa Waislamu, naye alikuwa Mwislamu peke yake kati ya walimu wetu. Usimfanye malaika. Alichapa. Lakini alitutoa funza kwa pini yake mwenyewe, na mtoto asiyejua kusoma hakumwachia mpaka ajue. Wengi walikuja na njaa, basi alipika uji wa mtama nyuma ya darasa, kuni zake, unga wake.

Desturi unaijua: anayekupa cha kunywa huonja yeye kwanza, mbele yako, uone hakutia kitu. Madamu alionja kila siku kwa upawa, amegeukia uzio ambako akina mama waliuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, wamwone. Halafu likaja juma moja hakuonja. Aligawa tu.

Mwisho wa juma hilo Kristina, niliyekaa naye benchi moja, alishikwa na homa. Ikampanda kichwani, akakakamaa, akafa. Malaria ilichukua watoto kila msimu wa mvua, lakini mama yake alitaka mtu wa kumshika.

Jumatatu walikuja saa ya uji. Mama Kristina mbele, wanawake nyuma yake, na mafundi wa gereji waliotaka kutazama. Mkuu wa shule alisimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Madamu, onja," alisema Mama Kristina.

"Leo nimefunga."

"Umefunga nini? Ramadhani iliisha zamani, mi mwenyewe nilikula pilau yenu!"

Wakacheka. Maiti imezikwa juzi, wakacheka.

"Kuna siku nazilipa," alisema Madamu kwa sauti ndogo.

"Siku gani? Ulikuwa mugonjwa? Sema tusikie, we murozi, mutia sumu!"

Mimi nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye, nilipoolewa Buyenzi: mwanamke akiwa kwenye damu yake hafungi Ramadhani, huzilipa siku hizo baadaye, kimya kimya. Angeyasemaje hayo mbele ya mafundi wa gereji?

Akachukua upawa, akanywa. Jua la saa nne, akavunja funga yake mbele ya watu. Akanywa wote, akaupindua tuone.

"Munaona?" Mama Kristina akapiga kelele. "Haimufanyi kitu! Mwenye sumu ana dawa yake. Watoto, twende!"

Kesho yake benchi zilikuwa tupu. Nilikuwapo mimi tu, kwa sababu baba alisema, "Huyu kichwa yake ni jiwe, sumu itapita wapi?" Madamu aliita majina yote, akingoja kidogo baada ya kila jina. La Kristina aliliruka. Fimbo za darasa zima zikawa zangu. Uji alipika wa mtu mmoja, na alionja kabla ya kunipa, ingawa sikumwomba.

Hata hilo halikudumu. Mkuu wa shule akaja. "Madamu, mwalimu bila watoto ni wa kazi gani?"

"Huyu bado hajui kugawanya."

"Apana. Atafundishwa na mwingine."

Akafuta ubao vizuri, pembe zote, akaenda. Juma lililofuata watoto wote walirudi. Mvua ile ile ikachukua wengine, na hakuna aliyeuliza walikunywa nini.

Aliishia kukaanga sambusa mbele ya nyumba yake. Habari ilivuka daraja kabla yake, basi jioni alikula mwenyewe alizokaanga mchana. Nilipoolewa huko nilienda kununua moja. Aliimega, akala kipande, ndipo akanipa.

"Madamu, kugawanya najua," nikamwambia.

Akanitazama sana. "Hamsini na sita kwa saba?"

"Nane."

"Umechelewa kujibu."

Sikumwona akicheka. Alizikwa na watu wachache, na Mama Kristina alikula uzee wake vizuri kabisa, kanisani akikaa benchi ya mbele.

Unaniuliza kama warozi wapo, Espérance. Wapo. Niliwaona siku ile wakirudi nyumbani na watoto mkononi, sufuria imebaki imejaa.

Lete viatu vya mtoto.

"Lakini Mama," Espérance akaanza, "yule mwalimu hata hatujui ametoka..."

Nilimvika mtoto sare mwenyewe, nikamshika mkono, tukatoka kwenda shule, nikafunga mlango.